Donc ya Prof Hamadi

Kama kuna neno ambalo Hamadi angependa lipigwe marufuku mjini Kisangani, kuanzia kivukoni mpaka barazani kwake katika wilaya ya Tshopo, ni neno donc. Si kwa sababu ni Kifaransa. Kifaransa alikifundisha sekondari mpaka nywele zikamtoka. Ni kwa sababu neno hilo lilizaliwa na kazi moja tu, ya kufunga jambo na jambo: kwa kuwa hili ni kweli, basi na lile ni kweli. Watu wa Kisangani wamelichukua wamelifanya neno la kuvutia pumzi. Mwendesha toleka, yaani ile baiskeli ya kubeba abiria, anamsalimu, "Donc Prof, tunaenda?" Muuza pundu, majani ya mihogo, anamuuliza, "Donc mama iko nyumbani?" Donc ya nini? Imetokana na nini? Hamadi hushuka kwenye baiskeli uso umekunjamana, na mwenye baiskeli hajui kabisa amekosa wapi.

"Papa Asha, utakufa na tension juu ya neno ya watu," mkewe Fatouma humwambia kutoka jikoni. Humwita hivyo kwa jina la binti yao wa kwanza, aliyeolewa Kindu, na ambaye kwa maoni ya mama yake alikubali kuolewa mbali vile ili apumzike kusahihishwa.

Tuseme ukweli, Hamadi si profesa. Babu yake alikuwa fundi cherehani, baba yake fundi cherehani, ukoo wa Waislamu wa zamani wa mji ule ambao kanzu zao zilijulikana hadi Isangi. Yeye mwenyewe hakuweza kushona hata kifungo. Akasoma, akawa mwalimu wa Kifaransa, akafundisha miaka mingi, mpaka siku moja mkuu wa shule aliposimama mbele ya walimu na kutangaza kwamba wanafunzi wameanguka, donc walimu ni wavivu. Hamadi alinyoosha mkono akaomba aelezwe hiyo donc imepita njia gani kufika pale. Haikuchukua muda akawa hana kazi. Tangu hapo watu wakamwita Prof, nusu kwa heshima, nusu kwa kumcheka, naye hakuwahi kuwauliza ni nusu ipi kubwa.

Ndipo akaanza kufundisha nyumbani. Kuna shule moja ya biashara ya Kinshasa ambayo kila mwaka huleta mtihani wake wa kuingilia mpaka Kisangani. Vijana wenye akili ya hesabu hawauogopi, isipokuwa sehemu moja inayowafyeka kama panga: insha ya uchambuzi. Mtihani unakupa maneno ya mtu, mara nyingi mkurugenzi wa kampuni ambayo haipo popote duniani, halafu unaulizwa kama hoja yake inasimama. Basi. Huulizwi kama unakubaliana naye. Huulizwi maoni yako juu ya serikali wala barabara. Unatakiwa kusoma maneno ya yule bwana, kutafuta pale alipoweka donc yake, kuchungulia chini yake na kusema ni kitu gani hakipo. Mkurugenzi anasema: tulibadilisha rangi ya karatasi ya kufungia sabuni, sabuni ikauzwa sana, donc tubadilishe rangi kila mwaka. Je, ni rangi iliyouza? Au mwaka ule mwenye kiwanda mwenzake alifunga mlango? Hamadi aliona ni kazi tamu kuliko zote duniani. Alikuwa peke yake.

Maana wanafunzi aliopata, Mungu amsamehe aliyewatuma! Sadrack, kijana wa kanisa, mpole, sauti nzuri ya kuimba, alipewa hoja hiyohiyo ya sabuni akaandika kurasa nzima juu ya usafi wa roho. Hamadi aliisoma mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, kisha akaenda kunawa uso. Lakini Sadrack alikuwa mzigo mwepesi. Sadrack angepita au asipite, baba yake alikuwa na duka la vipuri na nafasi yake ilikuwa inamngoja nyuma ya kaunta. Aliyekuwa akimnyima Hamadi usingizi ni Aimée.

Aimée alitoka Yanonge, mto unakoteremkia, katika familia ya wavuvi na wenye mashua. Baba yake, Papa Dominique, alikuwa na baleinière, mashua kubwa ya mbao yenye mota, akipakia samaki na mihogo kupandisha mjini na kurudi na chumvi na nguo. Msichana alikuwa amekaa kwa shangazi yake Lubunga, ng'ambo, na kila siku ya somo alivuka mto kwa mtumbwi wa pirogi, viatu mkononi, akafika sketi imelowa pindo lakini karatasi zake kavu. Kwa hesabu hakuwa na mpinzani. Alichotaka alikisema wazi siku ya kwanza: babake amepakia mashua maisha yake yote na hajawahi kujua ni safari ipi iliyomlisha na ipi iliyomla. Yeye alitaka kujua. Alikuwa amekwisha kuufanya mtihani ule mara moja, mwaka uliotangulia, akaanguka kwa insha tu, na sheria ya shule ilikuwa mara mbili, hakuna ya tatu. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akianguka, ni Yanonge, kuchoma samaki na mama yake mpaka aolewe.

Siku ile ya kwanza Hamadi alipomaliza kueleza, Aimée aliinua mkono akaanza, "Prof, munisaidie nisikie muzuri..." Kwa Kiswahili cha kule kusikia ni kuelewa pia. Hamadi akamkata.

"Hapana, usiniulize. Andika! Hii kitu inajifunzwa na kalamu."

Msichana akashusha mkono, akaandika. Na alichoandika ndicho kilichoanzisha vita.

Insha ya kwanza ya Aimée ilianza kwa kumshukuru Mungu aliyempa Bwana Mkurugenzi nguvu ya kuongoza kiwanda. Ilifuata pongezi kwa familia yake. Ikaja aya ndefu inayoonyesha kwamba wazo la kubadilisha rangi ya karatasi ni zuri, kwa sababu limetoka kwa mtu aliyezoea kazi. Mwishoni ilimtakia maisha marefu. Kifaransa chake kilikuwa safi, hakuna kosa hata la nukta, na hilo lilimuumiza Hamadi zaidi, kwa kuwa hakupata hata pa kuanzia kufuta.

"Aimée, nilisema ukosoe."

"Ndiyo, Prof."

"Sasa uko napongeza!"

"Prof, mimi huyu papa simujue," alisema Aimée, macho chini, kwa adabu yote. "Yeye iko directeur, mimi niko mutoto. Nitaanza namna gani kumuambia amedanganya?"

"Hakuna papa! Hakuna directeur! Ni mutu ya karatasi! Wanamufanya kwa bureau, wanamupatia cravate, wanamuandikia bêtise, maneno ya bure, kwa kinywa, kusudi weye umukamate!"

Aimée alifikiri. "Lakini Prof, wenye walimufanya, wao iko watu wakubwa."

Fatouma alicheka jikoni mpaka mwiko ukamdondoka. Hamadi aliomba maji.

Tangu hapo ikawa hivyo, somo baada ya somo, mvua zikaja zikapungua. Hoja ya hoteli iliyopaka ukuta upya: Aimée alimpongeza mwenye hoteli. Hoja ya kampuni ya mabasi: alimtetea mwenye mabasi, akaongeza sababu ambazo mwenyewe hakuzifikiria, sababu nzuri kweli, akaziba kila tundu ambalo mtunzi wa mtihani alilitoboa kwa makusudi. Hamadi alitaka kulia. Akili ya kuona matundu ilikuwepo! Asingeyaona angeyaziba vipi? Yaani msichana aliona kila kosa la yule bwana, kisha, kama mtoto mwema wa nyumba, akatandika mkeka juu yake wageni wasione.

Akajaribu mbinu. Kwanza alimlazimisha ajizoeze kutukana kidogo, hata kusema tu "hoja hii ni dhaifu." Aimée alisema, kisha akaomba radhi, na haikujulikana anamwomba nani. Mbinu ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Hamadi alifungua sanduku, akatoa tai aliyooa nayo, akaivaa juu ya shati lake la nyumbani, akaketi kwenye kiti cha mikono. "Mimi njo directeur," akasema, yaani ndiye mkurugenzi, akitoa kifua mbele. "Nimesema bêtise yangu. Sasa unikosoe." Alipoketi tu, Aimée alisimama. Alisimama wima, mikono nyuma, kama wanavyosimama watoto wa Yanonge mkubwa anapoingia, akangoja aruhusiwe kuketi. Sadrack naye, alipoona hivyo, akasimama. Hamadi akabaki peke yake kwenye kiti na tai yake, mbele ya watu wawili waliompa heshima ambayo kwa miaka yote shuleni hakuwahi kuipata, na hakuwa na la kuifanyia.

"Mama Asha!" aliita. "Kuja uone!"

"Niko naona," Fatouma alijibu dirishani. "Hiyo cravate imekubana. Uitoe kabla haijakuua."

Basi ikafika wiki ya kuthibitisha majina. Kila mtahiniwa alitakiwa kusema kama atafanya mtihani au hatafanya, na aliyethibitisha ndiye aliyehesabiwa kuwa ametumia nafasi yake. Papa Dominique alituma ujumbe kwa simu ya shangazi: anapanda mto na mzigo, atafika kumwona Prof, ili asikie kwake mwenyewe kama mtoto ana tumaini. Jioni kabla hajafika, Hamadi alisoma insha mpya ya Aimée, hoja ya mwenye duka la dawa aliyefunga taa mpya, wateja wakaongezeka, donc afungue duka jingine katika mji wa pili, na katika mstari wa mwisho akakuta mwenye duka anaombewa baraka, yeye na wateja wake. Aliikunja karatasi akaiweka chini ya kikombe ili asiione.

"Nitamuambia ukweli," alimwambia Fatouma.

"Ukweli gani?"

"Huyu mutoto hataandika. Baba yake amuchukue kabla ya haya kumupata."

Fatouma alimgeukia. "Haya ya nani, Papa Asha? Yake ao yako?"

Hamadi alikwenda kulala. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huona ukali wake kuwa ni haki. Ndivyo alivyojiona, mtu wa haki anayekwenda kusema ukweli.

Papa Dominique alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, na sauti ndogo ambayo haikufanana na mabega. Alivaa shati la Jumapili. Alikataa kiti, kisha akakubali, kisha akaketi ukingoni tu mwa kiti. Aimée alikaa kwenye mkeka pembeni. Fatouma alileta chai. Maulizo ya afya yakaenda mpaka yakaisha, ya mama, ya watoto, ya maji ya mto, ya mota. Ndipo Hamadi akakohoa.

"Papa Dominique, mimi sipende kuficha mutu. Mutoto wenu iko na akili. Lakini insha hii, hapana. Mwaka jana alianguka kwa insha. Mwaka huu ameandika kwangu tangu mvua ya kwanza, hakuna ata moja ilisimama. Donc, kwa concours, ile mtihani, ataanguka tena. Donc, muzuri arudie na weye Yanonge."

Alisema hivyo. Yeye, Hamadi! Donc mbili, moja juu ya mgongo wa nyingine, na masikio yake mwenyewe hayakushtuka.

Papa Dominique aliinamisha kichwa. Hakubisha. "Kama Prof amesema," alisema polepole, "njo vile. Weye njo unajua karatasi." Akaweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba hicho nacho kingeweza kumwangukia. "Aimée, mwanangu, utakusanya vitu. Mashua inatelemuka kesho."

Sadrack, aliyekuja kuchukua kamusi, alisimama mlangoni hajui aingie au atoke. Aimée hakulia. Alijiinua kidogo kutoka kwenye mkeka, akapiga magoti mbele ya wazee wawili, mikono juu ya mapaja, macho chini.

"Prof," alisema, "munisaidie nisikie muzuri."

"Nini tena?" alisema Hamadi, ambaye hakuwa na nguvu ya kumkata.

"Mulisema mwaka jana nilianguka, donc mwaka huu nitaanguka. Mwaka jana sikukuwa na Prof. Mwaka huu niko na Prof. Munisaidie nisikie: kama mwaka mbili iko sawa, basi kuwa na Prof na kukosa Prof iko kitu moja?"

Kikombe cha Hamadi kilisimama nusu ya njia. Fatouma, kule jikoni, aliacha kuosha.

"Kisha mulisema, insha yote ya hapa haisimame. Ni kweli. Lakini insha ya hapa naandikaka Prof akisimama nyuma yangu, akipandisha pumzi. Kwa concours kutakuwa mutu ya kupandisha pumzi? Kama hakuna, munisaidie: insha ya hapa inaonyesha nini juu ya insha ya kule?"

"Aimée," baba yake alinong'ona, "mbele ya Prof..."

"Naomba radhi, Papa. Iko moja tu ilibakia." Bado macho chini, bado sauti ileile laini ya kuombea baraka. "Prof, tuseme ni vile, tuseme nitaanguka. Concours iko siku moja. Juu ya nini nirudie Yanonge kabla ya ile siku? Niliangalia katikati ya kuanguka na kurudia, sikuona kitu inafunga. Pengine iko, lakini mimi sijasikia."

Hamadi alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi na Papa Dominique naye akasimama upesi, tayari kuomba msamaha kwa ajili ya binti yake, kwa ajili ya Yanonge yote ikibidi. Hamadi alikuwa na hasira, tusidanganyane. Alikuwa na hasira ya mtu aliyechambuliwa nyumbani kwake, mbele ya wageni, juu ya chai yake mwenyewe. Kila tundu alilolitaja Aimée lilikuwa pale pale lilipo. Na alikuwa hajavunja heshima hata kidogo! Hakusema umekosea. Hakusema dhaifu. Aliomba tu asaidiwe.

"Ile!" alipiga kelele. "Ile! Ile! Kwa nini hukuandikaka ile?"

Aimée aliogopa. "Ile nini, Prof?"

"Ile umenifanyia sasa! Mufanyie directeur! Sadrack, leta karatasi, usisimame kama nguzo ya stima! Aimée, chukua yule wa duka la dawa, muweke pale kwa kiti yangu, piga magoti kama unataka, mupatie heshima yote ya Yanonge, lakini umuombe akusaidie usikie!"

"Naweza kumuuliza?"

"Unaweza!"

"Ata yeye iko mukubwa?"

"Sababu iko mukubwa! Uulize!"

Aliandika palepale kwenye mkeka, baba yake akiwa amesimama juu yake haelewi kama binti ameokoka au ameharibika zaidi. Hamadi alizunguka baraza, akaenda mpaka kwenye lango, akarudi, akazuia pumzi yake kwa makusudi ili asiipandishe. Karatasi ilipomfikia aliisoma akiwa amesimama. Mwenye duka la dawa alisalimiwa. Kisha aliulizwa, kwa Kifaransa kisicho na doa, kama angekuwa na wema wa kuonyesha kwamba wateja walioongezeka walikuja kwa sababu ya taa mpya na si kwa sababu ya homa ya msimu ule. Halafu aliombwa aeleze mji wa pili unafananaje na wa kwanza. Na mwisho aliambiwa kwamba, mpaka atakapokuwa na nafasi ya kujibu hayo, ushauri wake ungali unangoja miguu ya kusimamia. Hamadi aliirudia tena. Alifuta salamu kwa kalamu nyekundu. Akafuta pia baraka za mwisho. Hakupata kingine cha kufuta, akaanza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

"Papa Dominique," alisema, na ilimgharimu kusema, "nilichosema mbele ya chai, mukiache. Haikusimama. Mutoto athibitishe jina."

Papa Dominique alimtazama binti, akamtazama Prof. "Sasa njo vile?"

"Njo vile."

"Sawa," alisema, na akakaa, mara hii kiti kizima.

Siku zilizobaki hazikuwa za amani, asikudanganye mtu. Hamadi alitaka salamu zitoke, Aimée akazirudisha. Aliziondoa mwanzo, zikachipuka katikati. Waligombana juu ya "kama angekuwa na wema" mpaka Fatouma akawaletea lituma, ndizi za kuponda, ili vinywa vipate kazi nyingine. Asubuhi ya mtihani Hamadi alikwenda mpaka kivukoni kumpokea anapovuka kutoka Lubunga. Alikuwa ameandaa maneno marefu, lakini alipomwona na viatu vyake mkononi alisema tu, "Usimuombee mutu baraka." Aimée akasema, "Ndiyo, Prof," kwa namna ambayo haikumpa Hamadi hakika yoyote.

Alipita. Majina yalipotoka, la Aimée lilikuwa juu, na aliyepewa alama nzuri ya insha kuliko wote waliofanyia Kisangani alikuwa yeye. Sadrack hakupita, akaenda nyuma ya kaunta ya vipuri na inasemekana ana furaha. Hamadi alisoma jina la Aimée, akalisoma tena, akarudi nyumbani kwa miguu bila kumkunjia uso mwendesha toleka yeyote. Wawili walimuuliza kama ni mgonjwa.

Kabla msichana hajaondoka, Papa Dominique alipanda mto tena. Alileta samaki wa kuchomwa kwenye kapu, wakubwa, wamefungwa majani, akampa Fatouma, Fatouma akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Waliketi barazani palepale. Hamadi alikuwa katika hali yake nzuri kuliko zote. Alieleza insha ya uchambuzi kuanzia mwanzo. Alieleza matundu, alieleza mkurugenzi, alieleza subira ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo, na jikoni Fatouma akakohoa kwa sauti kubwa.

Papa Dominique alisikiliza yote akitikisa kichwa kwa heshima. Hamadi aliponyamaza ili anywe chai, yule mzee alisogea ukingoni mwa kiti.

"Prof, tunashukuru mingi. Iko kitu kidogo tu nilitaka kuuliza. Huyu mutoto, tangu mudogo, kwetu iko naongea vile. Nikisema tupakie kwanza mihogo, 'Papa, munisaidie nisikie.' Mama yake akisema kesho mvua, 'Mama, munisaidie nisikie.' Alituchokesha kabisa. Wakati wa kuja huku, mama yake alimukataza. Alimuambia, kule kwa Prof usiulizeke mutu mukubwa vile, utatupatisha haya. Uandike tu mambo yenye wanakuambia."

Hamadi aliweka kikombe chini. Akauona tena ule mkono ulioinuliwa siku ya kwanza, na akajisikia mwenyewe: usiniulize, andika.

"Basi Prof," alisema Papa Dominique kwa ile sauti yake ndogo, bila ubaya wowote, macho chini kama ya binti yake, "munisaidie nisikie muzuri. Kama alikuja nayo kutoka kwetu, weye ulimufundisha nini?"

Hamadi alifungua kinywa. Maisha yake yote hakuwahi kukosa jibu kwa swali la mgeni.

"Donc..." alianza.

Akangoja lile neno limletee la kufuata, na halikuleta kitu.